Maswali ya Wasomaji: Injini Kuukuu na Umeme wa Nyumbani

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja. Wasomaji wenye injini za zamani za kusimikwa mahali pamoja, zile zilizokuwa zikiendesha vinu, pampu na mashine za kukoboa, wanataka kuzifunga kwenye jenereta za kujitengenezea ili zilishe umeme vyombo vya nyumbani. Karibu wote wanaanza hesabu kwenye injini na kuishia kwenye vyombo. Tunawasihi waigeuze: chombo kwanza, kisha jenereta, kisha mkanda, na injini iwe ya mwisho. Chombo ndicho kinachoamua aina ya umeme unaotakiwa, na injini ya zamani, pamoja na uimara wake wote, ina tabia ambazo si kila chombo kitazivumilia.

Swali: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu ameniachia injini ya dizeli ya silinda moja aina ya Lister CS yenye flaiwili mbili, yale magurudumu mazito yanayotuliza mwendo. Kibao chake kinaonyesha nguvu farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika. Nimepata pia jenereta isiyo na injini yake, ya volti 230 na mizunguko 1,500. Je, nitaweza kuendesha taa, jokofu, pampu ya maji, pasi na mashine ya kufulia kwa pamoja? Na puli ziwe za ukubwa gani?

Jibu: Tunamwombea babu yako pumziko jema, amekuachia mashine ya kutegemewa. Injini za Lister CS, zilizoundwa Dursley nchini Uingereza, zilikusudiwa kufanya kazi ya mzigo mzima kwa saa nyingi mfululizo, na mwendo wao wa polepole ndio unaozifanya zidumu. Hata hivyo, nguvu farasi 6 ni 6 tu. Nguvu farasi moja ni sawa na wati 746, kwa hiyo kwenye shafti una wati 4,476. Mkanda uliokazwa vizuri hula takriban asilimia 5 ya nguvu hiyo, na jenereta ya ukubwa huo hugeuza kuwa umeme takriban asilimia 80 ya kile inachopokea, hivyo kinachofika kwenye nyaya ni wati 3,400 hivi. Kama pete za pistoni zimechakaa, au kama unaishi mahali pa mwinuko, ambako hewa ni nyepesi na injini hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari, punguza tena. Sisi tungepanga matumizi ya wati 2,500 na kuacha kilichobaki kiwe akiba ya kuanzishia mota.

Akiba hiyo si anasa. Taa za LED hazikusumbui, kwa kuwa nyingi huchukua wati 10 au pungufu. Jokofu la kawaida huchukua wati 150 hivi likishachanganya, lakini kompresa yake inapoanza huvuta mkondo mara tano au zaidi kwa muda mfupi. Pampu ya nguvu farasi 1 huchukua karibu wati 1,000 ikiwa kazini, na mkondo wake wa kuanzia huweza kufika mara nne hadi sita ya ule wa kawaida. Pasi huchukua wati 1,000 hadi 1,200, na mashine ya kufulia, ambayo huridhika na wati mia chache inapozungusha nguo, hupanda hadi 2,000 inapopasha maji. Kwa hiyo kwa pamoja haiwezekani, ila kwa zamu inawezekana. Anzisha pampu kwanza, wakati injini haijabeba mzigo mwingine wowote, na uzito wa zile flaiwili mbili utaivusha katika nukta hiyo ya kwanza. Jenereta ndogo za kisasa za nguvu hizohizo hazina msaada huo, na ni sababu mojawapo inayotufanya tuziheshimu injini hizi. Pampu ikitulia, washa jokofu. Pasi isubiri mpaka pampu izimwe.

Lakini hata hiyo pampu, ni lazima iwe ya umeme? Ukigeuza nguvu ya shafti kuwa umeme, kisha umeme huo kuwa mzunguko tena ndani ya mota ya pampu, zaidi ya theluthi moja hupotea njiani. Ukifunga pampu ya mkanda moja kwa moja kwenye injini, unapoteza asilimia 5 tu, na tatizo la mkondo wa kuanzia linaondoka kabisa. Vivyo hivyo kwa jiwe la kunolea au kinu: kinachoweza kuzungushwa na mkanda kizungushwe na mkanda, na umeme ubakie kwa vile visivyo na njia nyingine.

Kuhusu puli, gawanya 1,500 kwa 650 upate 2.3. Puli ya milimita 460 kwenye injini na ya milimita 200 kwenye jenereta zitakupa mizunguko 1,495 kwa dakika, yaani karibu kabisa na hezi 50 (mawimbi 50 ya umeme kwa sekunde) kwa jenereta yenye ncha nne za sumaku. Gavana za zamani, yaani vidhibiti mwendo vya injini, hulegeza mwendo kadiri mzigo unavyoongezeka, kwa hiyo irekebishe injini isiyo na mzigo ifike hezi 52, ili ishukapo chini ya mzigo ibaki karibu na 50. Tumia kipimo cha hezi na cha volti, vyote viwili vifungwe ubaoni mahali unapoviona ukiwa umesimama kwenye injini. Sikio, hata la fundi mzoefu, halitoshi hapa.

Usishawishike kuongeza mwendo wa injini ili upate nguvu zaidi. Flaiwili hizo ni za chuma cha kusubu, na mkazo ndani yake hukua kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo kwa nusu, mkazo unakuwa zaidi ya maradufu. Ukingo wa flaiwili yenye kipenyo cha mita 0.6 hukimbia mita 20 kwa sekunde ikiwa kwenye mizunguko 650, na kipande kitakachokatika kwa kasi hiyo hakizuiwi na ukuta wa matofali ya kawaida. Kabla ya kuwasha, safisha spoku na kitovu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, ukague kila kona kwa tochi, kisha tazama mahali kabari inapoingia kati ya kitovu na shafti. Ukiona ungaunga mwekundu wa kutu unaotoka tena na tena hata baada ya kufuta, kabari imelegea na inachezacheza ndani ya njia yake. Injini hiyo isizungushwe mpaka kabari mpya ichongwe na kupigiliwa sawasawa. Tahadhari pia na kamba au kitambaa cheupe kinachozunguka bomba la moshi la injini za miaka hiyo, kwani huenda ni asbesto. Usikichane wala kukikwangua kikavu.

Swali: Jenereta yangu ya mkanda inatoa volti 230 kamili kwenye kipimo, lakini taa za nyuzi zinapepesa bila kukoma. Nimebadilisha brashi mara mbili na hakuna nafuu. Kasoro iko wapi?

Jibu: Yaelekea jenereta haina kasoro. Injini ya silinda moja yenye mipigo minne huwaka mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye mizunguko 650 kwa dakika unapata misukumo 325 tu, yaani zaidi kidogo ya mitano kwa sekunde. Kati ya msukumo na msukumo mwendo unashuka na volti nazo zinashuka. Kipimo cha mshale ni kizito mno kuonyesha jambo hilo, lakini jicho huliona waziwazi. Ongeza uzito unaozunguka, na uuongeze upande wa jenereta. Gurudumu lilelile likifungwa kwenye shafti ya mizunguko 1,500 huhifadhi nishati zaidi ya mara tano kuliko likiwa kwenye shafti ya mizunguko 650, kwa hiyo puli nzito ya jenereta, iliyosawazishwa vizuri, hufanya kazi kubwa. Kagua pia kama mkanda unapigapiga, kwani mkanda uliolegea huongeza mtikisiko badala ya kuumeza. Njia rahisi kuliko zote ni kubadilisha taa: taa nzuri za LED zina saketi ndani yake inayotuliza mkondo, na nyingi hazitaonyesha upepesaji huo kabisa.

Swali: Nina injini ya petroli ya nguvu farasi 1½, ya mizunguko 700 kwa dakika. Huwaka mara moja, kisha huzunguka mara kadhaa bila kuwaka, kisha huwaka tena. Fundi mmoja amenishauri nifunge alteneta ya gari na betri. Mwingine ananiambia hiyo ni kazi ya mchezo, nitafute jenereta ya volti 230. Nimsikilize nani?

Jibu: Msikilize wa kwanza. Injini yako ina gavana ya aina ya kukosesha: mwendo ukipanda, vali ya kutolea moshi hushikiliwa wazi na injini hutembea kwa uzito wa flaiwili peke yake mpaka mwendo ushuke. Ukiwa na mzigo mdogo, inapiga mara moja na kukaa kimya kwa mizunguko mingi, na kila kimya hicho kingeonekana kwenye volti na hezi za jenereta ya moja kwa moja. Betri haijali. Inapokea mkondo unaopanda na kushuka, kisha inautoa ukiwa umetulia, na inveta ya wimbi safi, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, itakupa volti 230 za hezi 50 zisizotetereka, hata injini ikiwa imezimwa usiku kucha. Wala si ubunifu wa juzi. Mitambo ya Delco-Light, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1916 kutoka Dayton, Ohio, ilitumia injini ndogo kuchaji betri za volti 32, na nyumba nyingi za mashambani ambazo hazikuwa zimefikiwa na nyaya za umeme ziliwashwa taa kwa njia hiyo.

Sasa hesabu. Alteneta ya gari hugeuza kuwa umeme kati ya asilimia 50 na 60 ya nguvu inayopewa. Ampia 30 kwa volti 14 ni wati 420, na ili kuzipata injini italazimika kutoa wati 760 hivi, yaani nguvu farasi 1 na ushei kidogo. Ampia 40 zitaifikisha kwenye kikomo chake. Kwa hiyo kadiria ampia 30, na utafute betri za jumla ya saa-ampia 200 za aina inayostahimili kupungua chaji sana; betri ya kuwashia gari itakufa mapema kwa kazi hii. Usishushe chaji chini ya nusu. Nusu ya saa-ampia 200 kwa volti 12 ni saa-wati 1,200, na inveta ikishachukua sehemu yake unabaki na karibu 1,050. Taa nne za wati 10 kwa saa tano ni saa-wati 200. Televisheni ya wati 80 kwa saa nne ni 320. Simu na redio ni kidogo mno. Inabaki akiba nzuri, lakini jokofu halimo, na tungependa ulijue hilo kabla ya kutoa fedha zako. Kuirudisha chaji kutakuchukua saa nne hivi au zaidi kidogo, maana betri ikikaribia kujaa hupokea polepole.

Alteneta ya gari haifanyi kazi ya maana kwenye mizunguko 700. Ifikishe 3,000: puli ya milimita 280 kwenye injini na ya milimita 65 kwenye alteneta zinatosha. Weka swichi kwenye waya mwembamba unaolisha koili ya rota, ili uwashe injini ikiwa huru na kuipa mzigo baadaye; usipofanya hivyo utapambana na hendeli bure. Na unapoishika hendeli hiyo, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, kwani injini ikirusha nyuma, dole lililozungushwa huvunjika. Kamwe usikate waya wa betri wakati alteneta inachaji, kwa sababu volti zitaruka juu ghafla na kuunguza dayodi zake pamoja na inveta. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya betri. Inveta ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampia 90 kwa volti 12, na waya mwembamba utawaka kabla ya kitu kingine chochote. Mwisho, betri za risasi hutoa haidrojeni zinapochajiwa, kwa hiyo zikae mahali penye hewa, mbali na cheche za injini.

Swali: Nimetumia mota ya zamani ya fezi tatu kuwa jenereta, nikaongeza kapasita. Taa na pasi zinafanya kazi vizuri, lakini kila jokofu likitaka kuanza umeme wote unakatika, na siku nyingine jenereta haitoi kitu hata ikizunguka. Je, mota imeharibika?

Jibu: Hapana, na tunakupongeza kwa kufika hapo ulipofika. Mota ya aina hii haina sumaku ya kudumu. Huanza kwa mabaki madogo ya usumaku yaliyo katika chuma cha rota, na kapasita ndizo zinazoyakuza mpaka volti zipatikane. Mzigo mkubwa ukija ghafla, kama kompresa inayoanza, kapasita hazitoshi tena kulisha usumaku na volti zinaporomoka zote. Kuporomoka huko huilinda mota isiungue, lakini hakulilindi jokofu: kompresa inayopewa volti chache hukwama, huvuta mkondo mwingi, na koili zake hupata moto. Kwa hiyo acha kabisa kujaribu jokofu kwenye mtambo huu. Ubakize kwa taa na pasi, kazi ambazo unaziweza vizuri.

Inapokataa kutoa umeme, mabaki ya usumaku yamepotea, mara nyingi kwa sababu injini ilizimwa ikiwa bado imebeba mzigo. Simamisha kila kitu, tenganisha kapasita na uzitoe chaji kupitia taa ya nyuzi, kisha gusisha betri ya volti 12 kwenye koili moja kwa sekunde chache. Ukiunganisha upya itashika. Hakikisha kapasita ni za aina ya kudumu kazini, zilizoandikwa volti 400 au zaidi za mkondo wa kubadilika. Zile za kuanzishia mota hupasuka zikiachwa kwenye saketi. Tena usizidishe mwendo. Mota ya ncha nne inahitaji mizunguko michache tu juu ya 1,500, na ikikimbia zaidi, volti zake hupanda haraka kiasi cha kuunguza vyombo vyote vilivyounganishwa.

Swali: Mume wangu ameweka injini na jenereta yake katika chumba kilichoungana na jiko. Sasa anataka kutumia waya wenye plagi pande zote mbili, auchomeke kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima ipate umeme. Mimi nina wasiwasi. Je, nina haki?

Jibu: Una haki kabisa, dada, na tunaomba mumeo asome jibu hili leo. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Kufungua dirisha hakutoshi, na bomba la moshi lililotolewa nje linaweza kuvuja kwenye kiungo. Injini ihamishwe ikae kwenye banda lake, mbali na milango na madirisha, na ndani ya nyumba kuwe na king'ora cha gesi hiyo.

Waya wa plagi mbili ni hatari kwa namna mbili. Ukichomolewa upande mmoja, meno ya plagi yanabaki na umeme wazi mkononi mwa aliyeushika. Na kama nyumba imeunganishwa na gridi, umeme wa jenereta utatoka nje, utafika kwenye transfoma ya mtaani, na transfoma itaupandisha kutoka volti 230 hadi maelfu ya volti kwenye nyaya ambazo fundi aliye juu ya nguzo anaamini zimezimwa. Fundi wa umeme mwenye leseni afunge swichi ya kubadilishia, ile isiyoruhusu gridi na jenereta kuungana hata kwa nukta moja. Mumeo amwombe fundi huyo pia aunganishe waya wa nyutro (wa kurudishia umeme) na ardhi upande wa jenereta, kwani bila hivyo kifaa cha kukata umeme unaovuja hakitafanya kazi mtu atakaposhikwa na shoti. Mkanda na flaiwili vizungushiwe wavu imara, na asikaribie mtu mwenye nguo zinazopepea, wala mtoto.

Swali: Je, kuna faida yoyote ya mafuta katika mitambo hii, au ni mapenzi tu ya mashine za zamani?

Jibu: Inategemea mzigo. Injini nzuri ya dizeli ya mwendo wa polepole, ikiwa imebeba mzigo wa kutosha, inaweza kutoa saa-kilowati 2 hadi 2.5 za umeme kwa lita moja, jambo ambalo si la kudharauliwa. Ikiwashwa kwa ajili ya taa mbili itakunywa mafuta karibu bure, na dizeli isiyoungua vizuri itajaza masizi kwenye bomba na kwenye pete za pistoni. Injini za petroli za mgandamizo mdogo zina hali duni zaidi. Pamoja na alteneta ya gari, usitarajie hata saa-kilowati 1 kwa lita. Ndiyo maana tunapendelea kuiwasha injini kwa saa chache ikiwa na mzigo wa kweli, kuchaji betri na kujaza tangi la maji kwa wakati mmoja, kisha kuizima.

Kuna faida nyingine ambayo wengi huiacha ipotee hewani. Karibu theluthi moja ya joto la mafuta huingia katika maji ya kupozea. Mzigo wa wati 2,500 ukiendeshwa kwa saa mbili, joto hilo linatosha kupasha maji ya kuogea familia nzima. Usiyachote maji ya injini yenyewe, kwa kuwa yana kutu na wakati mwingine oili. Zungusha bomba la shaba ndani ya tangi la kupozea, pitisha maji safi ndani ya bomba hilo taratibu, na uache upande wa kutokea wazi bila bilula ya kuufunga, ili maji yakichemka mvuke upate pa kutokea.